Chupa ya Ulezi, Chupa ya Mtama

Kucha zake zilikuwa za kahawia, na hakuwa mvuta sigara. Wageni waliofika Bukoba na kumpa mkono walidhani ni kahawa, kwa kuwa huku kwetu kila kitu ni kahawa. Haikuwa kahawa. Ilikuwa dawa ya kusafishia filamu, na haikutoka hata kwa ndimu na majivu. Zile kucha nilizijua tangu nikiwa msichana mdogo wa kutumwa maji, maana pale Ijuganyondo nyumba yake na yetu zilitenganishwa na migomba tu. Alikuwa mpiga picha. Mji mzima ulimwita Fundi. Sisi watoto wa jirani tulimwita Tata, yaani baba, kama tulivyomwita kila mwanaume wa rika lake.

Ukoo wake sitauandika. Huku kwetu mtu akisifiwa, watu huanza na ukoo, babu na babu wa babu, mpaka mwenyewe anasahaulika. Nimechoshwa na ukoo. Na niseme wazi mapema: naandika haya nikiwa na hasira, mtoto kalala kwenye mkono wangu wa kushoto, na hasira hiyo si kwa Fundi. Kwake nina kitu kingine, nami sijui kukiita kwa neno moja, ndiyo maana nimechukua karatasi.

Nianze na zile chupa, kwa sababu bila chupa huwezi kumwelewa.

Chumba chake cha giza kilikuwa stoo ya zamani ya kahawa, nyuma ya nyumba. Alikuwa ameziba kila ufa kwa udongo na magunia. Kwenye rafu kulikuwa na chupa mbili nyeusi, kubwa, zisizo na karatasi ya jina. Moja aliiita ulezi na nyingine mtama. Zote mbili ni dawa za kutoa picha kwenye filamu. Unaitumbukiza filamu humo, na kilichopigwa kinajitokeza. Tofauti yake alinieleza nikiwa nimerudi likizo kutoka sekondari, nimejaa maringo na Kiingereza changu.

"Picha yoyote ni punje, mwanangu," alisema. "Chukua kioo hiki cha kukuzia, tazama. Unaona? Punje nyeusi, zimemwagwa kama nafaka juu ya mkeka. Penye giza zimejaa, penye mwanga hazipo. Sasa fundi ndiye anaamua amwage ulezi au amwage mtama."

"Si mtu atachagua ulezi tu? Ulezi ni mdogo, picha itakuwa laini."

"Ee, laini." Akatabasamu kama mtu aliyengojea jibu hilo. "Dawa ya ulezi ina chumvi nyingi. Inazilamba punje pembeni mpaka zinakuwa ndogo. Lakini ulimi ukishalamba punje, unalamba na mstari. Mkunjo wa jicho unalambwa. Uzi wa kola unalambwa. Ukitaka ulezi, mwanangu, utapoteza kope."

Dawa ya mtama, kwa upande wake, ilikuwa nyepesi. Aliichanganya na maji mengi, akaitumia mara moja na kuimwaga kwenye shimo la migomba. Ilizichafua kucha zake na ilikuwa haina huruma. Picha iliyotoka humo ilionyesha chembechembe kama uso uliopigwa na vumbi la barabara ya Muleba, lakini kila mstari ulisimama mahali pake. Ukope ulikuwa ukope.

Ile kauli ya kope aliisema kwa watu wote, hata wasiomuuliza. Aliisema kanisani. Siku moja tulikuwa kwenye mazishi ya mzee mmoja mkorofi, mpiga wake, na msemaji akawa anamwaga sifa: mpole, mkarimu, mtu wa watu. Fundi akainama sikioni kwa baba yangu akanong'ona, "Ulezi huo." Baba alitoka nje akijifanya anakohoa.

Ofisini kwa Bwana DC, ambako aliitwa kupiga picha za wakubwa, palining'inia picha ya Malkia, uso wake mweupe usio na hata kinyweleo. Aliitazama kila alipokwenda. "Kalazwa kwenye ulezi usiku kucha," alituambia aliporudi. "Maskini. Hata mama yake asingemtambua."

Sasa usidhani alikuwa mtu mkali. Ndicho kilichonichanganya miaka mingi. Ukali wake wote uliishia kwenye filamu. Mteja alipofika, kabla ya kamera alimkalisha kwenye kigoda na kumletea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile tunayoichemsha na majani yenye harufu na kuikausha, ambayo mgeni wa Kihaya hakosi kupewa. Kwetu ni heshima tu. Kwake ilikuwa pia kazi.

"Mtu akitafuna, uso unarudi nyumbani," alisema. "Akija kwangu ameuvaa uso wa Jumapili. Akishatafuna anausahau."

Mfanyabiashara mmoja wa kahawa, mnene, mwenye koti la sufu katika jua, aliipokea picha yake akaikunjia uso.

"Fundi, mbona umenimwagia mchanga?"

"Si mchanga, waitu," akajibu kwa neno letu la heshima. "Ni mtama."

"Nami sikuja kupikwa pombe! Na hii mikunjo?"

"Uliingia nayo. Nilidhani unataka uondoke nayo."

Waliokuwa barazani walicheka mpaka yule mfanyabiashara akacheka mwenyewe. Picha aliichukua. Nasikia mpaka leo iko sebuleni kwake, na wajukuu wanagombania kuhesabu mikunjo.

Lakini mabibi arusi aliwapa ulezi, kimya kimya, bila kuwaambia. Nilimkamata nikamuuliza: vipi kuhusu kope, Tata? Akajibu bila aibu, "Bibi arusi anaogopa. Mtu anayeogopa humwongezei mtama." Kisha akaongeza, "Na bwana arusi ataziona mwenyewe baadaye, ana maisha mazima."

Maji aliyapenda kuliko watu wengi wanavyowapenda wakwe zao. Hakutumia maji ya kisima wala ya ziwa. Alitega mvua kwenye bati, na mvua ya kwanza aliiacha ipite, ioshe bati. Iliyofuata ndiyo aliyokinga, akaichuja kwa kitambaa, akaiweka kwenye mtungi uliofungwa majani mabichi ya mgomba ili isipate joto. Joto ndilo lilikuwa adui yake mkubwa. Dawa ikipata joto, alisema, hata ulezi unavimba ukawa mtama, na mtama unakuwa kokoto, na ngozi ya filamu inakunjamana kama utando wa maziwa ya moto. Siku za jua kali aliweka kibao nje: LEO HAPANA. Watu waliotoka mbali walimtukana. Alikaa ndani akasikiliza matusi yote, kisha akawatolea uji.

Muda nao aliupima kwa nyimbo za kanisa. Saa yake ya mkononi iliingiwa na unyevu wa chumba ikawa inasimama ovyo, kwa hiyo aliimba. Alijua ulezi unataka wimbo gani na kwa mwendo gani, na mtama unataka upi. Kila mwisho wa ubeti alilipindua kopo lenye filamu mara moja, taratibu, akaendelea. Wakatoliki waliokuja kupigwa picha walimtania barazani.

"Fundi, sisi wa Roma filamu zetu zitaiva kwa nyimbo za Kilutheri?"

"Zitaiva. Nikiwaimbia litania yenu zitaungua."

Kwenye ukuta wa chumba chake cha kulala kulikuwa na picha ya mkewe. Mke huyo sikumjua, alifariki kabla sijapata akili. Nilidhani fundi kama yule atakuwa amemweka mkewe katika mtama. Hapana. Mwanamke pale ukutani alikuwa laini kama samli, mashavu hayana doa, na macho yake yanakutazama kana kwamba yako nyuma ya pazia. Nikamwambia, kwa mdomo wangu huu usio na breki, kwamba ndiyo picha mbaya kuliko zake zote. Hakuniambia niondoke.

"Alikuwa na alama za ndui," alisema. "Uso mzima. Wanawake walimcheka sokoni. Nikasema ngoja nimpendezeshe, nikamlaza kwenye ulezi, akafurahi sana, akaibusu picha. Sasa yeye hayupo, nikitaka kumwona nakuja hapa, na hapa pana mtu mwingine. Uso niliouoa ulikuwa na mashimo, mwanangu. Siyakumbuki tena yalikaaje."

Hilo liweke moyoni. Nitalirudia.

Nilimaliza sekondari, nikaolewa Kimwani, mbali kule Muleba. Mume wangu ni mwalimu, mtu mwema, mwenye kipaji cha kunyamaza pale anapotakiwa kusema. Mama mkwe hakunipenda. Kosa langu lilikuwa madarasa. Mkamwana anayesoma gazeti kabla ya kupalilia, alisema, huyo ni karani, si mke. Nikapata mimba, nikazaa mtoto wa kike.

Mzazi kwa desturi ya pale hukaa ndani, analishwa, analindwa, na mtoto hatolewi nje mpaka siku yake. Nilikuwa bado ndani nilipomsikia mtu anapiga hodi kwa sauti niliyoifahamu. Fundi alikuwa amekuja na lori kupiga picha za watoto wa kipaimara, akasikia binti wa jirani yake kajifungua. Alileta samaki wakavu, na kamera begani.

"Nimpige mjukuu wangu," alisema.

"Mtoto hatoki nje," akasema mama mkwe, amesimama mlangoni kama nguzo.

"Basi nitampiga humo humo."

"Humo gizani? Utapiga moshi!"

"Nitapiga kilichopo, waitu."

Aliweka kigoda karibu na mlango, pale mwanga wa mvua ulipoingia kidogo. Akaniambia nikae na mtoto mapajani. Mtoto alikuwa ametoka kunyonya, amelewa maziwa, mdomo wazi. Fundi akaikaza kamera juu ya sanduku, akaisogeza karibu sana, akashika pumzi. Nami nikashika. Aliporudi barabarani nilimsikia anaimba.

Mtoto hakufika siku ya kutolewa. Homa ilimchukua upesi. Siku ya mwisho alilikataa ziwa, akageuza uso, na hiyo siku ya mwisho ndiyo mama mkwe aliyoishika. Kabla udongo haujakauka maneno yalikuwa yameshazunguka kijiji: msomi yule hakuwa na maziwa. Shule ilimkausha kifua. Mtoto kafa kwa njaa, homa ni kisingizio.

Naomba usome hayo tena, halafu uniambie nisiwe na hasira. Matiti yangu yalikuwa yanavuja kwenye kanga wakati wanasema. Nilikaa kwenye majani yaliyotandikwa kwa msiba, nimelowa maziwa, nikisikia wakisema nimekauka. Na hakuna aliyekuwa amemwona mtoto ili anitetee, maana alikuwa hajatolewa nje. Watu walinifariji kwa kusema nitapata wa kwanza. Wa kwanza! Mtu akiniuliza nina watoto wangapi, mume wangu alijibu kabla yangu: "Bado."

Fundi alikuja msibani. Nilimrukia mbele ya watu.

"Picha iko wapi?"

"Filamu ninayo. Sijaisafisha."

"Kwa nini?"

"Nina ulezi tu. Mtama umeniishia, dawa za kuchanganyia ziko kwenye meli."

"Tumia ulezi!"

"Siwezi, mwanangu. Mule ndani mlikuwa na giza. Ulezi unataka mwanga mwingi. Kwa mwanga ule utaniletea shuka na kivuli cha kichwa. Na filamu haisafishwi mara mbili. Nikikosea nimemzika tena."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Aliyapokea kama alivyopokea matusi ya LEO HAPANA. Kisha akakaa na wanaume, akala ndizi za msiba, akaondoka.

Wakwe walinirudisha kwetu nikapumzike. Kupumzika ni neno lao; maana yake hawakuweza kunitazama, nami sikuweza kuwatazama. Nikawa tena Ijuganyondo, nikiiangalia nyumba ya Fundi kati ya migomba kila asubuhi. Alinieleza kila hatua bila kuulizwa. Meli imefika. Sanduku lake halikushushwa Bukoba, limeshushwa Kemondo pamoja na magunia. Akaenda Kemondo kwa baiskeli, mzee yule, akarudi nalo limefungwa nyuma kama mgonjwa. Nikasema, leo. Hakusema leo. Mvua ya kwanza ikanyesha, akaiacha ioshe bati.

Siku mvua ya pili iliponyesha nilivuka migomba kwenda kugombana. Nilimkuta barazani, mgongo kwangu, ameinama juu ya kamera. Mbele ya kamera, kwenye kigoda, karibu na mlango, kulikuwa na mtoto amefunikwa kitenge.

Nikasogea. Haikuwa mtoto. Ilikuwa kiazi kitamu, kikubwa, kimefungwa kitenge mpaka shingoni.

"Unamfanyia mzaha mwanangu?" Nilikuwa napiga kelele. "Tata! Kiazi? Unapiga kiazi picha?"

Aligeuka. Sijawahi kumwona ameogopa, ila siku ile.

"Mwanga ni ule ule," alisema. "Mvua, mlango, kigoda. Nimengoja mwanga ule ule. Njoo uone kabla hujanipiga."

Akanionyesha kiazi. Juu yake alikuwa amechora kwa mwiba mistari midogo sana, miembamba, na karibu na mistari ametoboa kijidoa kimoja. Kisha akaleta picha mbili zilizokwisha kukauka, za kiazi kile kile, alizozipiga kwenye mvua ya asubuhi. Katika ya kwanza kiazi kilikuwa kitu cheupecheupe, laini, kinaelea kwenye giza. Mistari haikuwapo. Katika ya pili kiazi kilijaa chembechembe kama kimepigwa na vumbi, lakini mistari ilikuwa pale, wa kwanza, wa pili, mpaka kijidoa cha mwiba.

"Nilijua jibu," alisema. "Lakini hata kwa mke wangu nilidhani nalijua. Safari hii nilitaka kuona kwa macho. Sasa wewe ndiye mama. Ulezi nikiubembeleza sana, nikaukuza kwenye karatasi laini, huenda ukatoa kitu. Atakuwa mzuri, hafifu kidogo, kama malaika wa kwenye kadi. Mtama utamtoa na vumbi lote. Chagua."

Tangu mimba mpaka kaburi hakuna mtu aliyekuwa ameniambia nichague. Si jina, si mahali pa kumzika.

"Uzuri wake naujua," nikasema. "Nipe kope zake."

Aliingia chumbani na mtungi wa maji ya mvua. Nilikaa chini, mgongo kwenye mlango wa ile stoo. Nilisikia maji, nikasikia kifuniko cha kopo, kisha akaanza kuimba. Wimbo niliujua, tuliuimba tangu Shule ya Jumapili, lakini hakuwahi kuuimba taratibu namna ile. Mwisho wa ubeti alinyamaza, nikajua analipindua kopo. Ubeti wa pili. Wa tatu. Katikati ya ubeti mmoja sauti ilikatika. Nikasikia anapenga kamasi. Akaanza ubeti ule upya, tangu mwanzo, kisha sijui alifanyaje hesabu yake, maana mimi mwenyewe nilikuwa naimba naye kwa nje bila kujua.

Mlango ulipofunguliwa alikuwa ameishika filamu kwa ncha za vidole, inachuruzika.

"Yupo," alisema.

Picha yenyewe alinipa ilipokauka kwenye karatasi. Uso wa mtoto umejaa karatasi nzima. Chembe zake ni kubwa, unaziona hata bila kioo. Na kope zipo, zimelala shavuni, fupi, zimeshikana kama zimelowa. Tena kuna kitu ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nimekisahau katika homa na kelele zile: katikati ya mdomo wa juu, kilengelenge kidogo, cheupe, kimetuna. Kila mwanamke aliyenyonyesha anakijua. Mtoto asiyenyonya hana. Hutoka kwa kunyonya, kwa kunyonya sana, mchana na usiku, maziwa yakiwapo.

Nilimwangalia Fundi. Alikuwa anaangalia migomba.

"Ulikiona siku ile?" nikamuuliza.

"Nilikiona. Ndiyo maana niliogopa ulezi."

Nilirudi Kimwani. Mama mkwe alikuwa anamenya ndizi. Sikumsalimia kwa adabu inayotakiwa, naweza kusema sikumsalimia kabisa. Niliiweka picha mapajani kwake. Aliitazama kwa mbali, kisha kwa karibu.

"Picha yenyewe ina vumbi," alisema.

Akaifuta kwa pindo la kanga. Akafuta paji la uso, akafuta shavu. Vumbi halikutoka. Kidole kikashuka mpaka mdomoni, kikafuta pale pia, kikasimama. Aliwanyonyesha watoto wengi yule mama. Hakuhitaji kuelezwa. Kidole kilikaa juu ya mdomo ule muda mrefu, na ndizi alizokuwa amemenya zikawa zinageuka nyeusi.

Hakuniomba radhi. Ningependa kuandika kwamba aliniomba, lakini huo ungekuwa ulezi. Alisema tu, "Alikuwa na pua ya baba yake," akanirudishia picha kwa mikono miwili. Neno la shule kunikausha sikulisikia tena nyumbani mle. Kijijini bado linasemwa, na nikimjua anayelisema namfuata mlangoni kwake na picha mkononi. Nimeshakwenda milango kadhaa. Nitakwenda mingine.

Juzi nilimpeleka mtoto wangu wa pili, wa kiume, kwa Fundi. Nilikuwa nimeambiwa mzee haoni vizuri, sikujua kama ni kiasi kile. Macho yamezibwa na utando mweupe. Kamera imefungwa kwenye gunia. Kucha zimeanza kutoka nyeupe chini, kahawia imebaki kwenye ncha tu, na kuliona hilo kuliniuma kuliko macho.

"Dunia yote imekuwa ulezi, mwanangu," alisema, akacheka. "Watu wote wamependeza. Hata yule mfanyabiashara wa kahawa alipita hapa jana, laini kama yai."

"Nimekuletea mtu, Tata."

"Namsikia anavyopumua. Msogeze mlangoni, kwenye mwanga."

Nikaweka kigoda mlangoni, nikakaa, mtoto mapajani. Fundi akasogea mpaka pua yake ikakaribia pua ya mtoto. Akatikisa kichwa.

"Haitoki. Nisomee wewe. Lakini usinilambie kitu."

Nikamsomea. Paji la uso pana, lina upele wa joto. Nyusi hazijaota. Jicho la kushoto linatoa tongotongo. Kope fupi. Sikio moja limekunjika juu, la baba yake. Alisikiliza amefumba macho, anaitikia kwa koo kila nilipokamilisha kitu, kama anayelipindua kopo.

"Mdomo?"

"Wa juu una kilengelenge. Katikati."

"Kama wa dada yake."

"Kama wa dada yake," nikasema, nikamvuta mtoto kifuani.

Hakunibembeleza. Aliinuka, akapapasa ukutani mpaka kwenye rafu, akarudi na kile kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Mgeni hatoki kwake bila kutafuna. Akakitafuta kiganja changu, akaweka humo punje moja.

"Yako."

Akaweka nyingine. "Ya huyu bwana."

Nilidhani amemaliza, nikaanza kufumba mkono. Akanifumbua vidole, akaweka ya tatu, akaibonyeza kwa kidole gumba isije ikaanguka.

"Na ya mkubwa wake."

Nikazitafuna zote tatu, maana katika sisi watatu mwenye meno nilikuwa mimi peke yangu.